Dopla ya uvimbe wa mishipa ya damu: unacholipia, na ripoti ya kurudisha

Tuanze na hukumu kwa faida ya mwenye haraka. Kwa uvimbe laini chini ya ngozi unaoshukiwa kuwa wa mishipa ya damu, ultrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha mwendo wa damu, ndiyo kipimo cha kwanza kinachostahili pesa yako. Haina mionzi, mtoto hahitaji dawa ya usingizi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya MRI. Ikifanywa sawasawa tunaipa nyota 4 kati ya 5. Lakini vituo vingi hutoa kitu kingine kabisa: dakika chache, rangi mbili tatu kwenye skrini, halafu ripoti ya mistari miwili isemayo "hemanjioma, ashauriwe MRI". Hiyo haifikishi nyota 2, hata kama mashine iliyotumika ni ya kisasa.

Swali ambalo kipimo hiki kinapaswa kulijibu ni moja: damu humo ndani inakwenda mbio au inatambaa? Kasoro ya mkondo wa kasi ni ile ambayo ateri inamwaga damu moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari, ile mishipa myembamba kabisa. Uvimbe wake huwa wa moto, unadunda, na ukiuwekea kiganja unasikia mtetemo. Kasoro za mkondo wa polepole ni za vena, za limfu na za kapilari. Matibabu yote yanasimama juu ya mgawanyo huu. Kasoro ya vena hudungwa dawa ya kuisinyaza, sindano ikiingia ndani ya uvimbe wenyewe. Dawa hiyohiyo ikidungwa bila mpango kwenye kasoro ya ateri na vena inaweza kusombwa na mkondo hadi isikotakiwa, na ngozi ya karibu ikafa. Daktari wa upasuaji aliyepanga kutoa "uvimbe wa mafuta" pajani, akakata na damu ikamrukia, aliingia chumbani bila jibu hili.

Ripoti nyingi huharibikia kwenye hemanjioma. Watafiti Mulliken na Glowacki walichapisha mgawanyo wao wa aina za uvimbe huu mwaka 1982, na mwaka 1996 ISSVA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kasoro za mishipa, kikaupokea. Baadaye kimeuboresha zaidi ya mara moja. Fungu la kwanza ni la uvimbe ambao seli zake zinazaliana, na unaoonekana sana ni hemanjioma ya watoto wachanga. Fungu la pili ni kasoro za kimaumbile: mishipa iliyoundwa vibaya tangu tumboni, ambayo mtoto huzaliwa nayo hata kama siku ile haionekani, hukua kadiri anavyokua, na haiondoki yenyewe. Hemanjioma ya mtoto huibuka wiki za mwanzo za maisha, hukua kwa kasi, sehemu kubwa ya ukuaji huwa imekwisha ifikapo mwezi wa 5, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Kwa hiyo ripoti inayompa mtu wa miaka 25 "hemanjioma ya mguu" karibu kila mara imekosea. Kosa hilo mgonjwa hulilipia. Propranolol, ambayo manufaa yake kwa hemanjioma yaligunduliwa Bordeaux, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 2008, inamsaidia sana mtoto mwenye hemanjioma inayokua. Kasoro ya vena haiigusi. Mtu anameza vidonge miezi sita, uvimbe uko palepale, na kila mtu anashangaa.

Kituo kizuri utakijua kabla hata jeli haijapakwa, kwa maswali yake. "Mama, alizaliwa nao au uliuona baadaye?" "Akilia unavimba?" "Akiamka asubuhi unauma zaidi?" Uvimbe wa vena hujaa mtoto akilia au mguu ukining'inia, na mara nyingi huuma zaidi asubuhi. Wa limfu huvimba ghafla wakati wa mafua au maambukizi mengine, au damu ikivujia ndani yake. Wa ateri na vena unaweza kukaa kimya miaka mingi, ukaamka wakati wa balehe, ujauzito, au baada ya kuumia. Mpimaji asiyeuliza lolote kati ya haya anapima akiwa gizani. Tuongeze hapa jambo ambalo picha za vitabuni, nyingi za watu weupe, hazisemi: kwenye ngozi nyeusi ile rangi ya samawati ya kasoro ya vena mara nyingi haionekani, na baka la kapilari linaonekana kama ngozi iliyokoza tu. Mtazame mdomo kwa ndani, ulimi, na utando wa jicho. Huko rangi haifichiki.

Sasa upimaji wenyewe. Proba, yaani kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, inayofaa ni ile iliyonyooka, ya masafa ya juu, kuanzia megahezi 7 kwenda mbele. Kwa kitu kilicho milimita chache chini ya ngozi ya mtoto, 15 au 18 ni bora. Proba ya tumbo, ile iliyopinda ya megahezi 2 hadi 5, itumike tu pale uvimbe ulipozama ndani ya paja au makalio. Jeli iwe nyingi, rundo nene, ili proba ielee juu yake. Mkono mzito ndio kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote. Kasoro ya vena hukamuka kama sponji: uzito wa mkono peke yake unatosha kuitoa damu yote, skrini ikabaki na tishu isiyoeleweka, na mpimaji akaandika "hakuna mkondo".

Kosa la pili liko kwenye vitufe. Mashine nyingi hukutwa kwenye mpangilio wa ateri za shingo au za miguu, ambako skeli ya kasi imewekwa juu. Kwa mpangilio huo damu inayotambaa haipati rangi hata kidogo. Skeli ishushwe hadi sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde, kichujio cha mwendo wa ukuta wa mshipa kiwe cha chini kabisa, kisanduku cha rangi kiwe kidogo kinachotosha uvimbe tu, na gein ya rangi (kitufe cha kukuza ishara) ipandishwe mpaka vidoadoa vianze kutapakaa, kisha irudishwe nyuma kidogo. Halafu mpimaji abonyeze uvimbe kwa proba, ahesabu sekunde mbili tatu, aachie. Damu inayorudi kujaza uvimbe itawaka rangi kwa muda mfupi, na picha ihifadhiwe wakati huohuo. Mtu mzima ajikaze kama anayepuliza huku mdomo umefungwa; mtoto akilia, kazi imefanyika. Ikiwa uvimbe uko mguuni, apimwe pia akiwa amesimama. Mgonjwa aliyelala tu, mguu ukiwa umenyooka kitandani, amepimwa nusu.

Hata baada ya hayo yote, baadhi ya kasoro za vena hazionyeshi mkondo wowote, kwa sababu damu imeganda ndani au inatembea polepole kuliko uwezo wa mashine. Hapo kinachosaidia ni kubonyea kwake, na vijiwe: vidonge vidogo vya duara vyenye kung'aa na kivuli cheusi nyuma yake, ambavyo ni mabonge ya damu yaliyoota chokaa. Ukiviona ndani ya uvimbe laini wa aina hii, jibu umelipata. Mahali ambapo Dopla iko mbali, eksirei ya kawaida inaweza kuvionyesha vijiwe hivyo kwa bei ndogo sana, ingawa kukosekana kwake hakuthibitishi lolote.

Rangi peke yake haitoshi, na hapa hatukubaliani na bei zinazotozwa kwa "kalaa Dopla" isiyo na kingine. Rangi inakuambia kuna kitu kinatembea. Ni Dopla ya mawimbi, ile inayochora grafu na kutoa sauti, inayokuambia ni ateri au vena na kwa kasi gani. Kila mshipa unaowaka ndani ya uvimbe uchorewe grafu yake. Pembe ya kipimo, kati ya mawimbi ya proba na mshipa, isizidi nyuzi 60. Ukiwa kwenye nyuzi 60 halafu ukaiwekea mashine 65, kasi utakayosoma imepanda kwa karibu asilimia 18, na pembe ikizidi hapo kosa linavimba haraka.

Ateri ya kawaida ya mguu uliotulia ina grafu yenye mlima mkali, kisha inarudi chini ya mstari kidogo. Ateri inayolisha kasoro ya mkondo wa kasi hupoteza huko kurudi nyuma: damu inaendelea kwenda mbele hata moyo ukiwa umelegea, kwa sababu mbele yake hakuna kizuizi. Vena inayotoka humo nayo inadunda kama ateri. Hiyo vena inayodunda ndiyo dalili tunayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mpimaji akishaona ateri nyingi hupumzika. Apime na upande wa pili wa mwili kwa kulinganisha. Bila mguu mzima wa kulinganishia, namba za mguu mbovu zinaelea hewani.

Hemanjioma inayokua nayo ina mkondo wa kasi na ateri tele, zaidi ya mishipa 5 kwa kila sentimita ya mraba. Inatofautishwaje? Kwa tishu. Hemanjioma ni nyama halisi, ina ukingo, na mishipa iko ndani ya nyama hiyo. Kasoro ya ateri na vena haina nyama: ni fundo la mishipa iliyopindana, na kati yake kuna mafuta au misuli ya kawaida. Ripoti isiyotaja kama kuna tishu ngumu au hakuna, imeruka swali la pili kwa umuhimu. Limfu nayo ni rahisi ikiwa na mifuko mikubwa: maji yanayoonekana meusi kwenye skrini, kuta nyembamba, mkondo kwenye kuta tu. Ya mifuko midogo ni ngumu. Inaonekana kama unene mweupe usio na umbo, na wengi huipita.

Ripoti ya kulipia inasomeka hivi, kwa mfano: "Paja la kulia, mbele, ndani ya msuli: eneo la sentimita 6 kwa 4 kwa 3, lisilo na ukingo ulio wazi, linabonyea lote. Vijiwe viwili vya milimita 4. Mkondo wa vena wa polepole unaoonekana baada ya kuachia tu. Hakuna mawimbi ya ateri yasiyo ya kawaida. Hakuna tishu ngumu. Vena kuu ya paja iko wazi na inabonyea. Maoni: kasoro ya vena." Sentensi saba fupi, na daktari yeyote anajua pa kuanzia. Sentensi ya vena kuu si pambo. Baadhi ya wenye kasoro kubwa za mguu, hasa mguu mmoja ukiwa mnene au mrefu kuliko mwingine, huwa na vena za ndani nyembamba au zisizokuwepo kabisa. Ukiziziba au kuzikata zile za juu bila kujua hilo, umeufungia mguu njia yake ya kurudisha damu.

Kuhusu mashine za mkononi zinazounganishwa na simu, ambazo siku hizi wauguzi na madaktari wa wilaya wanaziulizia: zinafaa kwa kuchuja, kwa masharti. Lumify ya Philips inauzwa na proba tofauti tofauti, na ile iliyonyooka ya megahezi 4 hadi 12 ndiyo inayokuhusu. Butterfly inatumia chipu badala ya fuwele, na proba moja inafanya kazi zote, jambo zuri kwa mfuko wa koti. Kabla ya kununua yoyote, omba muuzaji akuonyeshe kwa vitendo, si kwa kipeperushi, vitu viwili: kama toleo unalouziwa lina Dopla ya mawimbi, na skeli inashuka hadi ngapi. Isiyochora mawimbi itakuambia "kuna mkondo" na kukuachia hapo. Uliza pia ada ya mwaka ya programu, maana kifaa kisicholipiwa kinaweza kukunyima sehemu ya vipengele ulivyovinunua.

Sasa nyota iliyokosekana. Dopla haifiki nyuma ya mfupa wala hewa, na haionyeshi uvimbe mkubwa kwa ukamilifu. Kinachoonekana juu kama yai kinaweza kuwa na mizizi hadi kwenye kifundo cha goti. Kwa hiyo uvimbe wowote wa mkondo wa polepole unaoingia kwenye msuli au kiungo, na unaotakiwa kutibiwa, unahitaji MRI. Hapa pia pesa hupotea kwa ombi lililoandikwa vibaya. "MRI ya mguu" haitoshi. Ombi liseme aina za picha: T1, T2 yenye kuzima mafuta (mng'ao wa mafuta uondolewe) au STIR kwa pande mbili, kisha T1 yenye kuzima mafuta kabla na baada ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa. Bila kuzima mafuta, mafuta na kasoro vyote hung'aa na mpaka hauonekani. Bila gadolini ni vigumu kutenganisha vena na limfu: vena hujaa dawa taratibu ndani kwa ndani, mfuko wa limfu hung'aa ukingoni tu. Mkondo wa kasi huonekana kama mashimo meusi, kwa sababu damu imeshaondoka kabla mashine haijaisoma.

CT tungeiacha, isipokuwa pale mfupa umeguswa au kuna shaka ya kasoro za mapafuni, ambako CT ya vipande vyembamba hata bila dawa inatosha. Mtoto asipewe mionzi kwa uvimbe wa shavu ambao Dopla imeshaujibu. Anjiografia ya katheta, yaani picha za mishipa kupitia mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, ndiyo inayoonyesha kasoro ya ateri na vena kwa undani kuliko vyote, lakini ni utaratibu wa kuingia mwilini. Tunaona ifanywe na yule atakayetibu, siku atakayotibu au anapopanga kutibu, si kwa udadisi. Dar es Salaam mafunzo ya wataalamu wa tiba za katheta yalianza chuo kikuu cha afya cha MUHAS na hospitali ya Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa hiyo jibu la "mpaka India" si la lazima tena kwa kila mgonjwa.

Kipimo kimoja cha damu kinakwenda vizuri na Dopla: D-dima, mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka. Kasoro kubwa ya vena hugandisha damu kidogo kidogo ndani yake, na D-dima hupanda bila mgonjwa kuwa na donge la damu kwenye mapafu. Ikiwa juu, pamoja na uvimbe unaobonyea, inaunga mkono kasoro ya vena. Ikiwa kawaida haiikatai. Kabla ya sindano au upasuaji iambatane na hesabu ya chembe sahani na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu. Chembe sahani zikiporomoka vibaya kwa mtoto mchanga mwenye uvimbe mgumu wa zambarau, hiyo si kasoro ya vena wala hemanjioma ya kawaida, na mtoto huyo hangoji kliniki ya wiki ijayo.

Kuna mahali ambapo ripoti nzuri ya Dopla inapaswa kukutisha. Uvimbe mgumu, uliogandamana na tishu za chini, unaokua wiki hadi wiki, wenye mishipa isiyo na mpangilio ndani ya nyama, usiitwe kasoro ya mishipa kwa sababu tu una rangi. Sarkoma za watoto, ambazo ni saratani, nazo zina damu nyingi. Hapo inahitajika baiopsi, yaani kukata kipande kikachunguzwe, kwenye hospitali yenye uwezo wa kuzuia damu. Kinyume chake, ikiwa mawimbi yameonyesha wazi mkondo wa kasi usio na nyama, mtu asichome sindano ya kunyonya wala kukata kipande "kuhakikisha". Na asifunge ateri inayolisha kwa uzi akidhani amemaliza kazi: kiini cha kasoro hakijaguswa, kitavuta damu kwa njia nyingine, kitakua, na mlango ambao katheta ingepitia umeshafungwa. Kuchanja wembe na kubandika dawa za moto juu ya uvimbe unaodunda ni hatari hiyohiyo, bila chumba cha upasuaji karibu.

Nani asilipie Dopla kabisa? Mtoto mwenye hemanjioma ndogo ya juu ya ngozi, nyekundu, yenye historia iliyo wazi: macho ya daktari yanatosha. Lakini akiwa na 5 au zaidi mwilini, pesa ya ultrasaundi iende kwenye ini, maana zinaweza kuwepo na huko. Mtoto aliyezaliwa na baka la kapilari kwenye paji la uso anahitaji MRI ya ubongo na kipimo cha presha ya macho, na Dopla ya shavu haitamsaidia kitu. Mtu mzima mwenye kifafa kipya au kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu aende moja kwa moja kwenye CT au MRI.

Kwa anayekwenda kupimwa: mtoto asiwe amelala fofofo, kwa kuwa kilio chake kinahitajika, nguo iwe ya kuvuliwa kirahisi hadi upande wa pili wa mwili, ripoti za zamani na picha za simu za uvimbe ulivyokuwa zichukuliwe. Omba picha zote, pamoja na zile za grafu, kwenye CD au simu, si karatasi moja iliyochapwa. Zikirudi bila grafu hata moja, mwambie dakta kwa upole kuwa unahitaji mawimbi na kasi yake, na kipimo kirudiwe kabla hujasaini.